Shamba la Yeremia, Kaburi la Nyali

Mhadhara wa Kwaresima uliotolewa mbele ya waumini na wageni, Mombasa



Mada niliyopewa ni kumtumaini Mungu wakati mambo hayajulikani. Nilipoipokea, jambo la kwanza nililoliwaza ni nani atakayekuja kuisikiliza. Mtu ambaye mambo yake yamenyooka haachi chakula chake cha jioni kuja kusikiliza mada kama hii. Humu ndani yumo mzazi anayengoja majibu ya vipimo. Yumo kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, na bahasha ya vyeti vyake imechakaa kwa kutembezwa ofisi hadi ofisi. Yumo mama ambaye binti yake yuko kazini Ghuba na simu yake haipatikani tangu mwezi uliopita. Na huenda yumo mchungaji aliyepanda mimbarini Jumapili akawatia moyo watu wote, akarudi nyumbani akiwa hana wa kumtia moyo yeye. Ninyi ndio ninaowasalimu kwanza.

Nina neno moja tu la kusema, na mengine yote yatakuja kulibeba hilo. Tunapolia kwamba hatujui, kwa kawaida tuna maana kwamba hatujui kama Mungu atatupa tunachokiomba. Lakini iko hali ya kutojua iliyo na kina kuliko hiyo: hatujui hata ni lipi, kati ya yote tunayoyafanya, Mungu atakalolitumia. Lile tunaloliita kazi yetu kubwa laweza kupotea kama umande, na lile tulilolifanya pembeni, huku tukingoja kazi kubwa ianze, likawa ndilo la kudumu. Kwa hiyo anayemtumaini Mungu humkabidhi matokeo, kisha humkabidhi pia haki ya kuamua tokeo ni lipi. Hapo ndipo palipo pagumu, na hapo ndipo ninapotaka tukae jioni hii.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha yetu, kwa maana imetuwekea akiba kubwa. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu ukoo mzima wa maneno: imani, kuamini, amana, amani, uaminifu. Yote yana mzizi mmoja. Na lile neno tunalofungia sala zetu, Amina, lililotoka katika Kiebrania, lina mzizi huohuo, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni lugha za nasaba moja. Kila tunapoitikia Amina, tunalitaja jina la ukoo huo.

Lishikeni neno amana. Wazee wetu wa pwani waliposafiri, iwe kwa jahazi au kwa miguu, waliweka amana kwa jirani: fedha, hati, vito vya mke, wakati mwingine hata mtoto. Anayeweka amana hawezi kujua yatakayotokea akiwa safarini. Hajui kama moto utazuka mtaani, wala kama yeye mwenyewe atarudi. Anachokijua ni tabia ya mtu anayemwachia. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo kwamba anamjua yule aliyemwamini, na wafasiri wa Biblia yetu wakalitumia hapo neno hilihili, amana. Paulo hakusema kwamba anajua kesi yake itaishaje. Alisema anamjua aliyempa maisha yake ayatunze.

Uhakika ni habari nyingine. Uhakika ni wa jambo: nimepima, nimehesabu, nimeona kwa macho. Ni kitu chema, na hakuna Mkristo anayepaswa kuudharau. Ndiyo maana tunakwenda hospitali na kupima, na tunasoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Lakini imani ni ya mtu kwa mtu. Kosa letu kubwa ni kuyachanganya haya mawili, tukadhani mwenye imani ni yule mwenye uhakika. Kisha uhakika ukitutoka, tunadhani na imani imetutoka.

Shamba lililonunuliwa mji ukiwa umezingirwa

Sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia ina hadithi ambayo ningependa kila mtu aliyewahi kununua kiwanja aisome. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeremia mwenyewe ni mfungwa katika ua wa walinzi, kwa sababu ya kusema wazi kwamba mji utaanguka. Wakati huo anamjia binamu yake, Hanameli, akimtaka anunue shamba la ukoo lililoko Anathothi, katika nchi ya Benyamini. Anathothi ni mwendo mfupi tu kutoka Yerusalemu, maana yake liko huko nje, waliko askari wa adui. Katika nchi yetu mtu anayekuletea shamba la namna hiyo ungemwita tapeli.

Yeremia alinunua. Biblia inataja bei: shekeli 17 za fedha. Inataja mizani iliyopimia fedha hizo, mashahidi waliotia sahihi, na hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Zote mbili Baruku, mwandishi wake, aliagizwa azitie katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi, ziwe ishara kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Sijui sura nyingine ya manabii inayofanana hivyo na faili la ofisi ya ardhi. Na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu imani ya Yeremia siku ile haikuwa hisia ndani ya kifua. Ilikuwa fedha iliyotoka mkononi na karatasi yenye muhuri.

Lakini tazameni mpangilio wa sura hiyo. Fedha zimekwisha kupimwa, hati imekwisha kufungwa, ndipo Yeremia anapomgeukia Mungu na kumwuliza, kwa maneno marefu na ya uchungu, ni vipi aambiwe anunue shamba wakati mji unatiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani hao Wababeli. Swali lilikuja baada ya utii, na Mungu hakulikasirikia, alilijibu. Kwa hiyo wewe uliyekwisha kujitoa, uliyekwisha kulipa, uliyekwisha kutia sahihi, na bado usiku unaamka ukiuliza, usijihukumu. Uko pamoja na nabii.

Mji ulianguka, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Yeremia alichukuliwa Misri pamoja na wakimbizi waliolikataa shauri lake. Maandiko hayatuonyeshi siku hata moja aliyoshika jembe Anathothi. Alikufa akiwa na hati ya shamba asilolilima, na hati ile ikawa tumaini la watoto wa wengine.

Nyali, Julai 1844

Sasa turudi nyumbani. Ng'ambo ya kisiwa hiki, upande wa Nyali, liko kaburi la mama mmoja na mtoto wake mchanga. Wengi wetu tumepita karibu nalo tukienda kwenye shughuli zetu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Chama cha misheni cha CMS cha London kilimtuma Ethiopia, na huko shabaha yake ikawa moja: kuwafikia Waoromo, ambao vitabu vya zama zile viliwaita Wagala. Aliamini kwamba hao wakiipokea Injili, Afrika nzima ya upande huu itafunguka. Ethiopia alifukuzwa. Alimwoa Rosine Dietrich mwaka 1842, na katika jaribio la kurudi Ethiopia Rosine alijifungua njiani, jangwani, kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Njia ya kaskazini ilipozibwa, Krapf aliamua kuzunguka kwa bahari ili awafikie Waoromo kutoka kusini. Alifika Unguja Januari 1844, akapata barua ya ruhusa kutoka kwa Sultani Sayyid Said, na katikati ya mwaka akawa amekwisha kuhamia Mombasa na mkewe. Kwake yeye Mombasa ilikuwa kituo cha njiani. Kwa kuwa alilazimika kungoja, alianza kujifunza Kiswahili. Na tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Ndugu zetu Waislamu mlioko hapa, naomba mlisikie hili kwa moyo wa shukrani yetu: katika kazi ya kwanza ya kuyatia Maandiko yetu katika lugha hii, kadhi alikuwamo.

Mwezi mmoja baadaye, Julai, Rosine alijifungua binti. Homa ilikuwa imemwangusha mke na mume pia. Rosine alikufa, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf, naye akiwa mgonjwa kitandani, ilimbidi ajikokote kwenda kuthibitisha kwamba kweli mkewe amekwisha kufa. Aliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Kisha aliwaandikia wakuu wake London kwamba sasa liko kaburi la mmoja wao katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba walihesabu kuwa ishara ya kazi iliyokwisha kuanza.

Watu wamehubiri sana juu ya barua ile, wakaifanya kuwa ushindi. Mimi naisoma kwa sauti ya chini zaidi. Huyu ni mtu wa miaka 34 aliyezika watoto wawili na mke katika muda wa miaka miwili. Hana mwumini hata mmoja, na Waoromo anaowatafuta bado wako mbali. Hana uhakika wa kitu chochote. Alichobakiwa nacho ni yule aliyemwekea amana. Na alipopata nguvu ya kuketi, alirudi kwenye maneno, akaendelea kuyakusanya: neno la Kiswahili upande huu, maana yake upande ule.

Waoromo hakuwafikia kama alivyokusudia. Ndoto yake nyingine, mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi, haikutimia maishani mwake. Mwaka 1853 afya ilimrudisha Ulaya. Kwa kipimo alichojiwekea mwenyewe, alishindwa. Lakini sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa, iliyohifadhi maneno ya Kimvita ambayo mengine leo huyasikii mtaani, ilichapishwa mwaka 1882. Miswada ya tenzi alizozikusanya aliipeleka Ujerumani, na wataalamu wamenufaika nayo tangu hapo. Kazi aliyoifanya akingoja kazi yake ianze ndiyo iliyokuwa kazi.

Nisimfanye malaika. Krapf alikuwa mtu wa zama zake, na aliandika maneno makali, mengine ya dharau, juu ya mila za Wamijikenda na juu ya Uislamu. Kiswahili nacho kilikuwa na washairi na maandishi yake karne nyingi kabla yeye hajakanyaga Mombasa. Yeye alikuja kuwa mwanafunzi. Simtaji ili tumwabudu. Namtaja kwa sababu tunayaona maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa maisha yetu wenyewe hatuwezi.

Miaka 29 ya Rebmann

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26. Wakapanda pamoja hadi Rabai, bara ya Mombasa. Yeye ndiye aliyeuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kilele chake kikiwa cheupe. Wajuzi wa jiografia waliokuwa wameketi London, hasa William Desborough Cooley, walikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi msafara wa mpelelezi Mjerumani von der Decken ulipothibitisha. Rebmann alisimulia kwamba alipomwuliza kiongozi wake wa safari kile cheupe ni kitu gani, yule mtu wa pwani hakuwa na neno la theluji. Alisema tu: baridi.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Hakukijua kitu chenyewe, na hakujifanya anakijua. Alikitaja kwa jinsi mwili wake unavyokisikia. Ziko nyakati katika maisha ya mwamini ambapo habari zote za Mungu tulizofundishwa katika katekisimu zinakuwa mbali kama kilele kile, na tunachoweza kukisema kwa ukweli ni kidogo: nilipiga magoti nikasimama nikiwa na nguvu ya kufika asubuhi. Neno hilo dogo, kama ni la kweli, lina uzito kuliko maelezo marefu ya kukariri.

Rebmann alikaa hadi mwaka 1875. Miaka 29, na katika miaka hiyo yote hakurudi kwao Ulaya. Mwenzao Wagner alikuja mwaka 1849 akafa mwaka huohuo. Mwumini wa kwanza wa Rabai, Mringe, alikuwa mlemavu, akabatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Rebmann alimzika mtoto wake mchanga, na mwaka 1866 akamzika mkewe, Emma. Macho yakaanza kufifia. Mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alipofika mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu, amezungukwa na kundi dogo la Wakristo, bado ameinamia kamusi zake.

Moja ya kamusi hizo ina historia ya pekee. Rebmann alikutana hapa na mtu aliyeitwa Salimini, aliyekamatwa na kuletwa pwani kama mtumwa kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Kinywani mwa Salimini aliandika kamusi ya Kinyanja, lugha ya nchi ambayo Rebmann mwenyewe hakuikanyaga kamwe. Mungu atuepushe na kusema kwamba Salimini alitiwa utumwani ili kamusi ipatikane. Utumwa ulikuwa dhuluma, na dhuluma haiwi njema kwa kuwa jema limetokea kando yake. Ninachosema ni kwamba mtu huyu alinyang'anywa nchi na uhuru, lakini lugha ya mama yake hakunyang'anywa, na aliitoa neno kwa neno, ikahifadhika.

Kamusi hiyo ilitoka mwaka 1877. Rebmann alikuwa amekufa mwaka 1876. Kamusi ya Krapf ilitoka 1882; yeye alikufa Novemba 1881. Tafakarini hilo. Wote wawili waliondoka duniani mwaka mmoja kabla kitabu hakijatoka. Na Rebmann aliongozwa kwenda melini, haoni, wakati uleule ambao Frere Town ilikuwa ikianzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele ya mahali hapo imelipa eneo la Kengeleni jina hadi leo. Alipanda miaka 29, na akaondoka mavuno yakianza.

Wauza uhakika, na wanyamazisha kilio

Nimesema habari za zamani ili nije kwetu. Katika miji yetu leo kuna biashara ya uhakika. Unaambiwa taja mwezi, taja kiasi, panda mbegu, na tarehe fulani jibu litakuwa mlangoni. Maji yanauzwa, mafuta yanauzwa. Anayenunua si mjinga; ni mtu aliyechoka kutojua, na mimi simcheki. Lakini ninawaambia kwa upendo kwamba anauziwa kitu ambacho Yeremia hakupewa, Paulo hakupewa, na Bwana mwenyewe pale Gethsemane hakukidai. Na jibu lisipokuja, muuzaji huwa na neno moja lililobaki: imani yako ilikuwa ndogo. Hivyo maskini anapoteza fedha yake kwanza, kisha anapoteza hata ujasiri wa kusali.

Upande wa pili wamo watu wema wanaokosea kwa namna nyingine. Hao wakimkuta aliyefiwa, kabla machozi hayajashuka, husema: ni mapenzi ya Mungu, usilie. Neno hilo laweza kuwa la kweli kinywani mwa mfiwa mwenyewe, siku yake ikifika. Kinywani mwa mgeni ni kifuniko cha chungu kinachochemka. Biblia ina kitabu kizima cha Maombolezo, na zaburi nyingi ni vilio na manung'uniko yaliyoelekezwa kwa Mungu. Kumlilia Mungu ni kumtumaini. Hakuna anayepeleka malalamiko kwenye nyumba anayoamini haina mwenyewe.

Niruhusuni nitoe langu. Miaka kadhaa iliyopita mke wangu aliugua miezi kumi na mmoja. Tulikwenda hospitali hii na ile, na ugonjwa haukupata jina. Jumapili baada ya Jumapili mtu aliniletea unabii: mmoja alisema wiki ijayo ataamka, mwingine alisema kuna dhambi ya siri nyumbani. Nilikuwa mtu wa kufundisha Neno, na nilifika mahali nikashindwa kumaliza Baba Yetu. Nilikuwa nikifika penye mapenzi yako yatimizwe, sauti inakatika.

Jioni moja akaja mzee wa kanisa, jirani yetu. Hakukaa. Aliuliza, "Mwalimu, ndoo ziko wapi?" Mabomba yalikuwa makavu siku zile. Alichota maji, akajaza mapipa, akaosha vyombo vilivyokuwa vimerundikana tangu asubuhi, akasimama mlangoni pa chumba cha mgonjwa akasali sala ambayo haikufika dakika moja. Kesho yake akaja tena. Alikuja hivyo wiki nyingi.

Mke wangu alipona, na yumo humu ndani leo. Lakini siwezi kuufanya kuwa ushuhuda mwepesi, kwa sababu katika kitanda cha jirani yake wodini alilala dada mmoja ambaye mumewe alisali kama mimi, au kunizidi, na alimzika. Kila ninapomshukuru Mungu ninamkumbuka huyo bwana. Shukrani yangu ni ya kweli, na swali lake ni la kweli, na Mungu ninayemhubiri lazima awe Mungu wa nyumba zote mbili.

Mikono ya Musa

Yule mzee alinirudisha kwenye neno tuliloanza nalo, imani. Nabii Habakuki, naye akiuona ujio wa Wakaldayo, alimwuliza Mungu hata lini, kisha akasimama kwenye zamu yake kungoja jibu. Aliloambiwa ni kwamba mwenye haki ataishi kwa imani. Neno la Kiebrania hapo ni emuna, la ukoo uleule wa Amina. Na neno hilohilo linapatikana mahali ambapo wengi hawapatazamii: Kutoka 17. Israeli wanapigana na Waamaleki, Musa yuko kilimani ameinua mikono. Mikono ikawa mizito. Haruni na Huri wakaleta jiwe akalikalia, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, na mikono ikawa emuna, yaani thabiti, hata jua likachwa.

Angalieni uthabiti huo ulitoka wapi. Musa peke yake alikuwa amekwisha kuchoka. Kile ambacho Maandiko yanakiita kwa jina la imani, siku ile kilikuwa jiwe la kukalia na watu wawili wa kushika mikono. Kwa hiyo ninapomwambia mtu amtumaini Mungu, nina deni la kumwuliza pia ndoo ziko wapi.

Ni nini basi tunachoweza kukifanya tusipojua? Ninaona mambo matatu, nayo si makubwa. La kwanza, tufanye kazi ya leo iliyo mbele yetu, hata ile inayoonekana ni ya kungojea tu. Kijana wangu wa bahasha ya vyeti, unalojifunza sasa ukidhani unapoteza wakati, lifanye vizuri, kwa kuwa hujui Mungu ameliwekea alama gani. La pili, tumwambie Mungu ukweli. Kama ni kilio, kiwe kilio. Kama sauti inakatikia katikati ya Baba Yetu, basi nusu hiyo iliyosemwa ni sala. La tatu, tusiwe peke yetu, na tusimwache mtu peke yake. Makanisa yetu yana kamati za harusi na kamati za ujenzi; naomba iwepo kamati ya mapipa ya maji, hata kama haitapewa jina.

Hitimisho

Kesho, mkipata nafasi, nendeni Nyali. Msiende kutafuta muujiza. Ni kaburi tu. Simameni pale mkumbuke kwamba mwanamume aliyelia mahali hapo hakujua. Hakujua kwamba Waoromo atawakosa. Hakujua kwamba karatasi zake za maneno, alizozihesabu kuwa ngazi ya kufikia kitu kingine, ndizo zitakazobaki. Hakujua kwamba siku moja wenyeji wa pwani hii na wageni wao wataketi ukumbini, wakizungumza kuhusu Mungu kwa lugha aliyojifunza kwa kadhi wao, na kumtaja mkewe kwa jina.

Hapa nitafunga kwa sala, nanyi mtaitikia. Kabla ya kuitikia, mwujue uzito wa neno lenyewe. Anayesema Amina hatangazi kwamba ameona mwisho. Anatia sahihi kwenye hati, mbele ya mashahidi, ya shamba ambalo bado hajalikanyaga, kwa kuwa anamjua mwenye nchi. Yeremia alitia sahihi yake askari wakiwa ukutani. Nasi, kila mmoja na mazingira yake, tutie yetu.

Tuombe.